Jibu: Gari kukwaruzwa wakati wa kubadilishwa kioo cha mbele

Ndugu, umeeleza kwamba gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, ilikubadilishia kioo cha mbele, ukakuta rangi imekwaruzwa kwenye fremu na dashibodi imechanika, nao wanashikilia kwamba gari lilifika hivyo. Dashibodi inaudhi, lakini mkwaruzo wa fremu ndio wa kuhofia: kisu cha kukatia gundi ya zamani kikifika kwenye bati, na fundi akaweka gundi mpya bila kupaka praima (rangi ya msingi ya kukinga bati) kwanza, kutu itaanzia chini kwa chini, maji ya mvua yatapenya, na kioo hakitashika imara gari likigongwa. Kwa hiyo usikubali kupigiwa polishi tu (ndiyo dawa yao ya kila kitu). Piga picha leo, omba fundi mwingine akuandikie tathmini, kisha uwapelekee barua ya madai pamoja na nakala ya risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa na ya kufidiwa hasara. Wakikaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, wala hulazimiki kuwa na wakili.