Msituni, waanzishe watoto kwenye gogo lililooza

Safari ya kwanza niliyowapeleka wanafunzi msituni niliiandaa kama mtihani. Nilikuwa na filimbi shingoni na karatasi yenye majina ya miti 40, la kawaida na la kisayansi, kila mti na namba yake. Watoto walikuwa 28, wa miaka 9 hadi 12. Tulipofika kwenye mti wa saba nikageuka nyuma: waliokuwa wananisikiliza ni wanne, na mmoja wao alikuwa anangoja tu nimalize aombe ruhusa ya kwenda kujisaidia. Waliobaki walikuwa wanarushiana vijiti.

Kilichoniokoa si ualimu wangu. Mvulana mmoja, kwa utundu tu, alipiga teke gogo lililolala kando ya njia, na mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Akapiga yowe. Kufumba na kufumbua watoto wote wamelizunguka lile gogo, wamechuchumaa, na karatasi yangu imekanyagwa topeni. "Mwalimu, njoo uone, linatoa moshi!" Haukuwa moshi. Ulikuwa uyoga mdogo wa mviringo uliopasuka na kutoa vumbi la chembe ambazo uyoga huzaana kwazo. Tulikaa pale saa nzima na zaidi.

Tangu siku hiyo, kila kundi jipya naanza nalo kwenye gogo lililooza. Kama wewe ni mwalimu, mlezi wa klabu ya mazingira, au mzazi mwenye watoto wawili na Jumamosi moja, nakushauri ufanye hivyo hivyo. Majina ya miti yatakuja. Mti uliosimama ni mkubwa mno kwa mtoto. Mambo yake yote yako juu asikofika au ndani asikoona. Gogo liko chini, linameguka kwa kidole, na lina wenyeji.

Kwanza namna ya kuligeuza. Gogo huvutwa kuja upande wako, kwa fimbo au kwa mikono iliyoshika juu, vidole visiingie chini yake. Ukilivuta hivyo, kama kuna nyoka au tandu atatokea upande wa pili, na gogo lenyewe litakukinga. Wafanyishe mazoezi kabla hamjaondoka, hata kwa kugeuza begi la vitabu. Na mkimaliza kutazama, lirudisheni lilivyokuwa, polepole. Hili nililijua kwa kukosea. Mwaka wa kwanza tuliyaacha magogo manne yamegeuzwa chali, na tuliporudi wiki iliyofuata upande uliokuwa chini, uliokuwa na unyevu na jongoo na makoa, ulikuwa umekauka kama tofali. Hapakuwa na kiumbe hata mmoja. Nilikuwa nimewaleta watoto kujifunza uhifadhi, nasi tumevunja nyumba za watu.

Sasa watazame rangi ya uozo. Ubao una vitu viwili vikubwa: selulosi, ambayo ni nyuzi, na lignini, inayozishika nyuzi hizo zikawa ngumu, kama nondo ndani ya zege. Kuvu (jamii ya uyoga na ukungu) wa aina moja hula selulosi na kuiacha lignini karibu yote. Ubao unabaki wa kahawia na kupasuka vipande vya mraba, ukiviminya vinakuwa unga. Kuvu wa aina nyingine huweza kuivunja hata lignini, nao huacha ubao mweupe, laini, unaochanika nyuzi nyuzi. Mpe mtoto maelezo hayo mara moja tu, kisha mwambie atafute magogo mawili yaliyooza tofauti. Utashangaa. Watoto wale wale walioshindwa kukumbuka mti wa pili walikuwa wanabishana kwa sauti kuhusu nani kala nini.

Swali ninalolipenda kuliko yote nalo nauliza pale pale: gogo hili lilipokuwa mti, uzito wake liliupata wapi? Karibu wote husema udongoni, na watu wazima wengi husema hivyo hivyo. Hapo nawasimulia habari za Jan Baptist van Helmont, tabibu na mwanakemia wa Ulaya aliyefariki mwaka 1644 na kazi zake zikachapishwa 1648. Alipanda mche wa ratili 5 kwenye chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia miaka 5, kisha akapima upya. Mti ulikuwa na ratili 169. Udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi, kiasi kidogo sana. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji.

Alikosea, na kosa lake ndilo tamu kwa kufundishia, kwa sababu sasa watoto wana kazi. Kama si udongo, na si maji peke yake, ni nini? Usiwajibie. Nyamaza, hata ukimya ukikukera. Siku moja nilingoja mpaka nikaanza kujuta, ndipo msichana mmoja asiyezungumza kwa kawaida akasema chinichini, kama anayeomba radhi, "Hewa?" Ni hewa. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo iliingia kupitia majani ikiwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Na lile gogo linalopungua mwaka hadi mwaka halizami ardhini. Kuvu na wadudu wanalila, wanapumua, na sehemu kubwa inarudi hewani ilikotoka. Mtoto akilielewa hilo, habari za tabianchi hazitamsumbua sana huko mbele.

Hapo pia ndipo ninaposafisha jambo ambalo watoto huja wamelikariri: kwamba misitu ni mapafu yetu, na kwamba msitu wa Amazon wa Amerika Kusini peke yake hutupa asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Si kweli. Miti yenyewe hupumua usiku na mchana, na kuvu, bakteria na wadudu wanaokula mabaki yake hutumia karibu oksijeni yote inayobaki. Msitu uliokomaa hauna ziada kubwa ya kumgawia mtu. Walimu wenzangu hunilaumu kwamba nawavunja moyo watoto. Mimi naona afadhali wavunjike moyo wakiwa na miaka 10 mbele yangu kuliko wakiwa na 20 mbele ya mtu anayetafuta sababu ya kuwaona waongo. Sababu za kweli za kuulinda msitu zinatosha: kaboni iliyofungiwa kwenye mashina na udongo, mvua, vyanzo vya maji, viumbe visivyo na pengine pa kuishi. Ya mvua waonyeshe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Funga mfuko huo kwenye tawi lenye majani asubuhi, uache juani, na kabla ya kuondoka wavue wenyewe, waone maji yaliyojikusanya ndani, ambayo majani huyatoa hewani.

Tahadhari kama hiyo ninayo kwa hadithi ya miti inayozungumza chini ya ardhi. Kwamba kuvu huishi na mizizi, wakiupa mti maji na madini na kupewa sukari, hilo halina ubishi. Mwaka 1997 mwanasayansi wa misitu wa Kanada, Suzanne Simard, na wenzake walionyesha pia kwamba kaboni inaweza kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Lakini habari za mti mama anayewalisha na kuwatambua wanawe zimevutwa mbali kuliko ushahidi, na mwaka 2023 watafiti wa fani hiyo hiyo waliandika kusema hivyo. Wasimulie watoto yote mawili. Kwao ugomvi wa wanasayansi ni mtamu kama mechi.

Mkishaona gogo, ndipo mnyanyue macho, ila si mbali. Chagueni mti mmoja uliozaa, funga kamba ya mita 20 kwenye shina lake, na kila hatua wahesabu miche ya mti huo huo iliyo karibu na kamba. Watenganishe miche michanga, ile ambayo bado ina majani yake mawili ya kwanza, na ile iliyokwisha kupata ubao. Mwaka 1970 mwanaikolojia Daniel Janzen, na 1971 mwenzake Joseph Connell, kila mmoja kivyake, walitoa hoja kwamba wadudu na magonjwa yanayoufuata mti mkubwa huwamaliza watoto wake walio karibu, hivyo wanaopona ni waliopelekwa mbali na ndege, popo au upepo. Ndiyo moja ya sababu zinazotolewa kwa nini msitu wa tropiki haumilikiwi na mti wa aina moja. Matokeo ya watoto mara nyingi hayatanyooka. Yetu yalipinda mara mbili kati ya tatu, na msiyarekebishe. Siku kamba yetu ilipokosa kabisa kutoa jibu, watoto walianza wenyewe kusema tunahitaji miti mingi zaidi, na mimi sikuwa nimelitamka neno sampuli.

Waambie kwamba kazi hiyo ya kuhesabu wapo watu wazima wanaolipwa kuifanya. Kwenye kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama kuna hekta 50 ambazo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila shina lenye unene wa kuanzia sentimita 1 hupimwa na kupewa namba, na kazi nzima hurudiwa takriban kila miaka 5. Ni mashina zaidi ya 200,000. Huwa kuna mtoto mmoja ambaye macho yake hubadilika akisikia hivyo. Mwekee alama.

Sasa upandaji miti, ambao najua utaniletea maneno. Kuna mwaka tulipanda miche 200 kwa siku moja, tukapiga picha nzuri sana. Mwaka uliofuata tulihesabu iliyo hai: 11. Watoto ndio waliohesabu, na sikupata pa kujificha. Siku hizi napanda michache kuliko idadi ya watoto, kila mche una kikundi chake, na kikundi kina zamu za maji na palizi kwa miaka miwili. Mara nyingi hata sipandi. Naenda nao pembezoni mwa msitu, tunatafuta miche iliyoota yenyewe, tunaipunguzia magugu yanayoizidi na kuiwekea vijiti vya alama isikanyagwe. Haipendezi kwenye picha, lakini miche hiyo ipo mahali ilipopataka yenyewe. Na mahali palipo na nyika ya asili, muiache nyika. Nayo ina wenyewe.

Takwimu za kutisha naziweka mwisho kabisa, na kwa wakubwa tu. Kwa hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2020, misitu ilikuwa hekta bilioni 4.06, yaani asilimia 31 ya nchi kavu, na tangu 1990 hekta milioni 420 zilikuwa zimefyekwa na kugeuzwa matumizi mengine. Mtoto wa miaka 9 ukimpa namba hiyo siku ya kwanza ataogopa au atasahau.

Jambo la mwisho: rudini mahali pale pale. Gogo moja, mara nne kwa mwaka, kamba ile ile ya kupimia mzingo. Gogo la yule mvulana tulilirudia miaka mitatu. Mwaka wa pili watoto walikuta mche umeota mgongoni mwake. Mwaka wa tatu tulikuta kikosi cha usafi kimepita siku hiyo hiyo, kimeagizwa na wenye eneo kuondoa "uchafu" wa magogo na matawi makavu ili papendeze. Niliwahi kuwaambia watoto kwamba nchini Finland pekee wataalamu hukadiria spishi 4,000 hadi 5,000 zinategemea miti iliyokufa, lakini sidhani kama kuna aliyeikumbuka namba ile. Walichofanya ni kumvuta msimamizi mkono hadi kwenye gogo, wakalivuta kwao kwa fimbo kama walivyofundishwa, na kumwonyesha mmoja mmoja: huyu jongoo, huu weupe ni wa kuvu anayekula hata lignini, huu mche una miezi kumi na minne. Mzee wa watu alichuchumaa kwa muda akitazama. Kisha akasimama, akapangusa magoti, na kuwaambia vijana wake wachukue matawi tu.