Jaji akisema "nimeona ulipoficha", je, ametenda haki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu hufanya mazingaombwe ya karata na kamba pale sokoni Mwaloni, Kirumba, na watu humzunguka hadi wanazibana njia. Hivi karibuni alijitokeza kwenye mchujo wa shindano la vipaji la televisheni. Majaji watatu walimpigia makofi, wa nne aliyekaa mwisho wa meza akasema, "Nimeona ulipoficha karata," kisha akamuuliza kama anatumia majini. Akatolewa. Je, hiyo ni haki? Tena kuna mtu huku Buzuruga anayetaka shilingi laki tatu ampe "siri" ambayo hakuna jaji atakayeweza kuigundua. Tumlipe?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba. Nianze na hizo fedha: msimlipe hata senti, na sababu zake nitazieleza.

Malalamiko kama yako hunifikia kila msimu wa mashindano, na karibu yote yamejengwa juu ya dhana ileile potofu, kwamba mazingaombwe ni mchezo wa kibe kati ya anayeficha na anayesaka, hivyo jaji akigundua, mchezaji ameshindwa. Dhana hiyo wanayo watazamaji, wanayo wachezaji wachanga, na inasikitisha kwamba hata majaji wengi wa televisheni wanayo. Jaji anayemkodolea mtu vidole dakika zote tatu ili amnase hajatazama onesho, kwa hiyo hana alichokipima. Mashindano ya dunia ya mazingaombwe yanayosimamiwa na FISM, shirikisho la kimataifa la vyama vya mazingaombwe, ambayo hufanyika kila baada ya miaka mitatu, hupima wepesi wa mikono, namna ya kujiwasilisha, ubunifu, burudani, mpangilio wa onesho na ile hali ya ajabu inayojengeka ukumbini. Majaji wake ni watu wa fani, na mbinu nyingi wanazoziona wanazijua tangu zamani. Kama kuijua mbinu kungekuwa sababu ya kumtoa mtu, hakuna ambaye angewahi kushinda.

Hata hivyo, karata ikionekana waziwazi na hadhira, hilo ni kosa la ufundi na jaji ana haki ya kukata alama. Kwa mdogo wako, nadhani tatizo ni pembe ya kutazamiwa. Pale Mwaloni amezoea kusimama magunia ya dagaa yakiwa nyuma yake na watu wakiwa mbele, wakimkaribia. Jukwaani meza ya majaji ni ndefu, na aliyekaa mwisho wake humtazama mchezaji kwa ubavu. Mkono ukigeuka kidogo tu, kona ya karata humchungulia huyo wa pembeni ilhali wale wa katikati hawaoni chochote. Dawa ya hilo ni mazoezi: aweke simu ya kurekodi upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha chini usawa wa magoti, arudie mpaka zote tatu zisinase kitu.

Haki ninayoidai mimi iko kwa waandaaji. Mchezo wa karata ukipigwa picha kutoka mwisho wa ukumbi, umeshahukumiwa kabla haujaanza. Shin Lim alishinda America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni la Marekani, mwaka 2018 kwa karata, karibu bila kusema neno, na aliweza kwa sababu kamera zilisogezwa hadi kwenye vidole vyake. Mwimbaji hahitaji hilo, maana kipaza sauti kinamtosha. Kisha kuna uhariri: picha ikikatwa katikati ya tendo, mtazamaji wa nyumbani hana namna ya kujua kilichofanywa na mkono na kilichofanywa na kompyuta, na mara nyingi ndiye anayepiga kura ya fainali. Kipindi cha Penn & Teller: Fool Us, kilichoanzia Uingereza mwaka 2011, ambamo wanamazingaombwe wawili hujaribu kukisia mbinu ya mshiriki, kilitatua kwa njia nzuri tatizo la jaji anayedai ameona. Mshiriki huwaeleza mapema wataalamu walio nyuma ya jukwaa mbinu yake halisi, kwa hiyo majaji wakikisia, yupo wa kuamua kama wamepatia. Na majaji wenyewe huzungumza kwa mafumbo ili siri ya mtu isimwagwe hadharani. Jaji aliyetangaza alichokiona mbele ya kamera amemharibia kijana riziki yake ya Mwaloni, na hilo silisamehe kirahisi.

Ila kilichonikera zaidi katika barua yako ni lile swali la majini. Mazingaombwe ni mikono, macho na miaka ya kurudia. Mtu anayeuza "siri isiyogundulika" ama anauza vifaa vya bei ndogo vilivyofungwa kwenye karatasi nzuri, ama anauza pete na dawa ya mvuto, na wote wawili ni matapeli. Siku hizi wameongezeka wanaorusha mtandaoni video zilizokatwakatwa, wakaziita mazingaombwe, kisha wakawauzia vijana "mafunzo" yake. Kijana hutoa akiba yake yote na kupanda jukwaani akiwa hana ujuzi wowote mkononi.

Hapa Kanda ya Ziwa mzaha wa majini una gharama. Tumezika vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, tumezika ndugu zetu wenye ualbino waliouawa kwa ahadi za waganga, na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyohiyo. Jaji anayemuuliza kijana kwenye televisheni kama ana majini huipa nguvu imani ambayo imewaua watu katika vijiji vyetu, na mchezaji anayecheka na kujibu "labda" anashiriki kosa hilo. Wanafunzi wangu nawataka waseme wazi kabla ya kuanza: "Huu ni ufundi wa mikono, nimejifunza, nawe unaweza kujifunza." Makofi hayapungui kwa kusema hivyo.

Kwa hiyo mdogo wako ajitokeze tena msimu ujao. Kabla ya kurekodi, amwombe mwongozaji mambo mawili: kamera moja ya karibu juu ya meza, na tendo lake lirushwe bila kukatwa. Akikataliwa yote mawili, apeleke mchezo wa kamba, unaoonekana hata kutoka viti vya nyuma, na karata zibaki Mwaloni. Na huyo wa Buzuruga, akianza kutaja dawa au majini, mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa.