Mwamba Karatasi Havutii

Ukipaka anga kwa rangi za maji halafu rangi ikajikusanya kwenye mabonde na kuacha vilima vyeupe, usiilaumu brashi. Karatasi imelowa, nyuzi zake zimekunywa maji na kutanuka, na kwa kuwa haina pa kwenda inajipinda. Dawa yake ni kuiwamba kwenye ubao kabla ya kuanza.

Si kila karatasi inahitaji taabu hii. Ya gramu 640 kwa mita mraba ni nene kama kadibodi, haitikisiki. Ya gramu 190 iwambe bila kujadili. Ya gramu 300, ambayo wengi wetu tunaitumia, inategemea: kwa mchoro mdogo wenye maji kidogo iache ilivyo, lakini ukitaka kumwaga maji ukurasa mzima, iwambe.

Kosa la wageni wengi, nami nililifanya, ni kuvuta. Tumezoea kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, basi tunashika kingo na kukaza hadi karatasi ichanike. Hapa kazi hiyo ni ya maji. Karatasi hutanuka ikilowa, unaibana kingo ikiwa katika hali hiyo, kisha inapokauka inataka kurudi udogoni na haiwezi. Inajikaza yenyewe.

Kabla ya kugusa maji, nawa mikono ikauke, kwani alama ya kidole chenye mafuta itakuja kuonekana kwenye rangi. Kata vipande vinne vya utepe wa karatasi, ule wa kahawia wenye gundi kavu inayoamshwa kwa maji, upana wa sentimita 5 hivi, na uviweke mbali na beseni. Utepe wanaotumia wapaka rangi wa nyumba haushiki karatasi iliyolowa, usijaribu.

Sasa zamisha karatasi katika maji baridi. Dakika 5 zinatosha kwa nyingi. Ya gramu 300 inaweza kwenda hadi 10. Pinda kona kidogo: ikirudi kama springi, bado, ikibaki imelala, tayari. Usizidishe, na usitumie maji ya moto. Karatasi nyingi nzuri zimepakwa jelatini, aina ya gundi, inayoizuia rangi isizame. Mimi niliwahi kuiacha saa nzima katika maji ya uvuguvugu, nikidhani naifanyia hisani. Jelatini ikaondoka, na kila nilichopaka kikafifia kama wino kwenye tishu.

Ishike kwa kona moja maji yachuruzike, ilaze kwenye ubao, usukume mapovu kutoka katikati kwenda nje kwa kiganja kilicholegea. Kausha kingo kwa kitambaa. Lowesha utepe kwa sponji, kidogo tu, maana maji mengi huiosha gundi. Nusu ya upana ikae juu ya karatasi, nusu juu ya ubao, kisha ugandamize. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12 au zaidi. Wangu wa kwanza ulikuwa mwembamba, karatasi ikaupinda ukawa upinde. Sikujua karatasi ina nguvu kiasi hicho!

Ikauke ikiwa imelala. Ukiisimamisha, maji hushuka na utepe wa chini unabanduka. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na hapo ndipo inapochanika. Itafanya mawimbi njiani; iache hadi kesho. Asubuhi iguse kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya ubaridi, bado ina maji ndani. Ikiwa kavu kweli, ukiigonga kwa ukucha inalia.

Paka rangi papo hapo juu ya ubao, na usiikate mpaka mchoro ukauke kabisa. Kata upande mmoja, kisha ule unaouelekea, ndipo miwili iliyobaki. Mabaki ya utepe yaloweshe kwa sponji, yatabanduka yenyewe.