Udhamini mabilioni, kiingilio cha nini tena?

Mkuu, umeuliza kwa nini klabu zinatukamua mlangoni wakati Azam, wanaoonyesha Ligi Kuu ya soka Tanzania kwenye televisheni, wamemwaga mabilioni. Tupige hesabu. Mkataba wa matangazo wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, yaani kama bilioni 22.5 kwa mwaka. Ukizigawa sawasawa kwa timu 16, kabla hata TFF (shirikisho la soka) na Bodi ya Ligi hawajachukua chao, kila timu inabaki na bilioni 1.4 hivi. Kwa Simba au Yanga, zenye wachezaji wa kigeni wanaolipwa kwa dola, hiyo haifiki mbali. Ndiyo maana wanahangaikia wadhamini wa jezi, na pesa za kufika hatua ya makundi kwenye mashindano ya CAF, ya klabu za Afrika.

Sasa mlangoni. Uwanja wa Mkapa ujae watu 60,000 kwa buku tano (5,000) kila mmoja, ni milioni 300. Toa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya tiketi, kama milioni 46 zimeondoka. Uwanja ni wa serikali, nao una mgao wake. Halafu ujae lini? Dabi na mechi kubwa za CAF, basi.

Kwa hiyo kupandisha bei ya mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini, ni kujidanganya. Mtu wa Mbagala akienda na wanawe wawili, ongeza daladala na maji, ataona bora akae kibanda umiza, aangalie mechi kwenye TV. Wakamuliwe wa VIP, wao hawaulizi bei. Mzunguko waache buku tatu, tujaze, hata mdhamini anataka kuona majukwaa yamejaa.