Deli halipashi joto: kwa mnaoanza kuloweka kimea

Kila msimu swali la wanaoanza kupika bia nyumbani kwa kuloweka kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kwenye deli ni lile lile, linabadilika sauti tu: "Maji yalikuwa nyuzi 73, nilitegemea uji wa kimea utulie kwenye 67, kipimajoto kinasoma 63. Deli langu ni bovu?" Deli lako ni zima, ndugu yangu. Lilikuwa baridi, likanywa joto la maji yako kabla kimea hakijapata chake.

Deli la vinywaji linatunza joto ulilotia ndani yake, basi. Anayeloweka kwenye sufuria akikosea anawasha jiko. Wewe huna jiko chini, na ukijaribu kuliweka utayeyusha plastiki. Kwa hiyo karibu kila jambo linaamuliwa kabla hujafunga kifuniko, na ndiyo maana inauma kuwaona watu wazuri, waliosaga kimea vizuri na kununua hopsi nzuri (maua yanayoipa bia uchungu), wakiharibu siku katika dakika kumi za mwanzo.

1. Ukubwa. Kwa bia ya lita 20 chukua deli la duara la lita 38. Lile la lita 19 linavutia kwa sababu ni dogo na jepesi, lakini piga hesabu: kilo 5 za kimea kwa lita 3 za maji kila kilo ni lita 15, na kila kilo ya kimea inakula nafasi ya takriban lita 0.67. Jumla ni zaidi ya lita 18. Limejaa hadi mdomoni, na ukihitaji kuongeza lita moja na nusu ya maji ya moto kurekebisha joto, huna pa kuiweka. Deli la mstatili nalo linafaa, ila kimea kidogo kikitandazwa kwenye sakafu pana kinakuwa tabaka jembamba, linachuja vibaya na kupoa haraka.

2. Koki. Ng'oa ile ya plastiki ya kubonyeza, weka ya chuma cha pua. Washa (pete ya kuzuia kuvuja) ya silikoni ikae upande wa ndani, ikibana ukuta wa deli, na nyuzi za skrubu ya koki uzizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba. Usikaze kwa hasira, maana plastiki inabonyea na washa inateleza kutoka mahali pake. Kisha jaribu kwa maji ya nyuzi 75, nusu saa nzima, deli likiwa juu ya karatasi kavu. Wengi wanajaribu kwa maji ya bomba na kufurahi, halafu siku ya kupika plastiki inatanuka kwa joto na kuanza kudondosha. Tone linaloonekana nje ni afadhali. Baya ni lile linaloingia katikati ya kuta mbili na kulowesha povu la kuzuia joto: linavunda humo, na hakuna brashi itakayolifikia.

Kichujio ni bamba lenye matundu au soksi ya waya wa chuma cha pua iliyofumwa. Ukitumia soksi, ingiza ndani yake waya uliosokotwa kama springi, la sivyo uzito wa kimea utaibana iwe bapa.

3. Joto la maji ya kwanza. Hapa tukae.

Hesabu mnaijua: gawa 0.41 kwa lita za maji kwa kila kilo, zidisha kwa tofauti kati ya joto unalolitaka na joto la kimea, kisha jumlisha joto unalolitaka. Kilo 5, lita 15, kimea kiko nyuzi 22, lengo 67: inatoka 73 na kidogo. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haina deli ndani yake. Inapima maji na kimea peke yao. Kuta za plastiki zenye joto la chumba zitachukua nyuzi 2 hadi 5 kutegemea unene wake, na hakuna aliyezihesabu.

Dawa yake ni rahisi mno kwa jinsi inavyopuuzwa. Pasha lita zote 15 za maji hadi nyuzi 79 au 80, yamimine delini, funga, subiri dakika 10 hadi 15. Fungua, koroga, pima. Yakiwa bado juu ya 73, acha kifuniko wazi na ukoroge mpaka yashuke. Joto lililozidi unalitoa kwa kusubiri tu, lililopungua inabidi uanze tena na jiko. Yakifika 73, kuta zimeshashiba, na sasa hesabu yako inasema kweli. Usimimine maji yanayochemka ukidhani unaharakisha, kwani kuta za ndani za madeli mengi hujikunja kwa joto hilo na hazirudi tena zilivyokuwa.

Tuseme hukufanya hivyo, na uji umesimama kwenye 64. Msiba mkubwa huanzia hapa, kwa sababu ya hofu. Mtu anamimina birika zima la maji ya moto upande mmoja, anapima palepale alipomimina, anaona 74, anashtuka, anaongeza maji baridi, anapima upande wa pili, anaona 61, anarudi jikoni. Baada ya dakika ishirini ana supu nyepesi, deli limejaa, na hajui joto la kweli ni lipi. Uji mzito hauchanganyiki wenyewe. Koroga kutoka chini kwa mwiko mrefu dakika mbili kamili, pima sehemu tatu kwa kina tofauti, ndipo uamue.

Na kuamua kwenyewe kuna upande. Uji wa 64 unafanya kazi vizuri, utakupa woti (maji matamu ya kimea yatakayokuwa bia) inayochachuka zaidi na bia kavu kidogo. Iache dakika 75 hadi 90, umemaliza. Ukitaka kabisa kurudi 67, kwa kilo 5 na lita 15 unahitaji takriban lita 1.5 za maji yanayochemka: mimina nusu, koroga, subiri dakika tatu, pima, kisha sehemu ya nusu iliyobaki. Deli likiwa limejaa, chota kama lita 2 za uji mzito, chemsha kwenye sufuria ukikoroga usiungue, rudisha. Joto lililopita juu ndilo la kukimbiwa. Kwenye nyuzi 72 kimeng'enya kinachotengeneza sukari nyepesi kinakufa ndani ya dakika chache, na ukishusha joto baadaye hakifufuki. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 itakushusha karibu nyuzi 3, lakini iwe mara moja. Ndiyo maana nawasihi: kama ni kukosea, mkosee kwa chini.

Kabla ya yote hayo, pima kipimajoto chenyewe kwenye maji yenye barafu iliyopondwa. Kisiposoma sifuri, hesabu zako zote ni ushairi.

4. Mimina kimea juu ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Madonge yakibaki, katikati yake wanga hukaa mkavu na hauguswi na kimeng'enya. Kifuniko cha madeli mengi ni kitupu ndani, hivyo funika kwa blanketi. Deli zuri hupoteza nyuzi 1 au 2 kwa saa. Ukifungua kila dakika kumi kuchungulia, hilo si kosa la deli.

5. Woti ikikwama. Sababu karibu zote ni tatu: umesaga mpaka maganda yamekuwa unga, umefungua koki yote kwa pupa kimea kikajipakia kwenye kichujio, au una ngano au rai nyingi (nafaka zisizo na maganda) bila maganda ya mpunga. Fungua robo tu. Rudisha lita 3 au 4 za kwanza juu taratibu mpaka zitoke bila chembe, ndipo ujaze sufuria. Ikishakwama, funga koki, puliza hewa kupitia mpira wa koki, koroga, subiri dakika kumi kimea kitulie, anza upya. Usikoroge koki ikiwa wazi.

6. Kusuuza. Kilo 5 zitabaki na karibu lita 5 za maji, kwa hiyo kati ya lita 15 tarajia kama 10 za kwanza, pungufu ya zile zinazobaki chini ya koki. Ukitaka lita 25 sufuriani, suuza kimea kwa lita 15 za maji. Maji ya nyuzi 80 yatapandisha kimea hadi 75 hivi, na hapo panatosha. Tanini, ile ladha ya ukakasi, inatoka kimea kinapozidi 77 huku pH (kipimo cha ukali wa asidi) ikipita 6, hasa kwenye maji ya mwisho mepesi.

Pima woti ikiwa imepozwa hadi nyuzi 20. Haidromita (kipimo cha sukari kwenye woti) ikiwekwa kwenye woti ya moto inasoma chini, na mtu analaumu deli tena.

7. Toa machicha siku hiyohiyo. Yakilala usiku mmoja ndani yanachacha, na plastiki inashika harufu. Sifongo laini peke yake, kwa sababu mkwaruzo wa brashi ya waya ni maskani ya bakteria. Fungua koki vipande vipande kila baada ya kupika, kausha, na lihifadhi deli kifuniko kikiwa wazi.