Jibu: Kabini isiyo na nembo, ni Leyland au Dodge?
Ndugu, umeuliza kabini ya lori lako isiyo na nembo ni ya Leyland au ya Dodge, maana picha zinafanana. Zinafanana kwa sababu kabini ni ileile! Kampuni ya Motor Panels ya Coventry, Uingereza, iliwatengenezea Leyland, Albion na Dodge mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo maana huitwa LAD, kwa herufi zao za kwanza. Umbo la bati peke yake halitakupa jibu. Angalia grili, halafu namba iliyogongwa kwenye chesisi. Ila kama kabini inalazwa mbele kufikia injini, hiyo si LAD. Ningeanza kuilinganisha na kabini ya Ergomatic ya 1964, ya Leyland, AEC na Albion. Nakuomba sana, usipake rangi kwanza: matundu ya nembo ya zamani husema mengi.