Kabla hujachapisha fulana: kwa mnaoanza mbio za kumkumbuka marehemu

Kila mwaka hawakosekani mmoja wawili, wengi vijana waliofiwa karibuni, wanaokuja kuniuliza mbio za hisani zinaanzwaje. Wanakuja na mchoro wa fulana kwenye simu. Nawaambia waizime simu kwanza.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa huku Ilemela, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Mtumbwi wao ulipinduka usiku, na hakuna aliyekuwa na jaketi okozi. Mwaka uliofuata nikaandaa mbio za kilomita 5 na 10, tuchangishe hela za majaketi. Nilichapisha fulana 200 zenye picha yake kifuani. Waliolipa ni 86. Nikishamlipa mchapaji, mwenye spika na gari la wagonjwa, ikabaki hela ya majaketi 11. Ila hilo silo lililoniuma. Wiki mbili baadaye, pale Kirumba, namkuta kijana wa bodaboda anafutia pikipiki yake fulana ile, uso wa mdogo wangu umelowa oili. Sikumlaumu. Fulana ikichoka ni tambara. Lakini tangu siku ile sichapishi sura ya mtu, na fulana zenyewe tumeziacha. Mkimbiaji anapewa namba na pini nne.

Kosa la pili lilikuwa tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mbalamwezi ikikolea taa hazivuti, wavuvi wanapumzika. Mimi nikapanga siku ya giza nene! Tuliokuwa tunawakimbilia walikuwa wamelala hoi baada ya kazi. Tazama mwezi kabla ya kutangaza. Muda nao: Mwanza jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, basi anzeni hapo hapo. Mkingoja mgeni rasmi mpaka saa tatu, mawe ya mji huu yatakuwa yameshapata moto.

Barua za polisi na afisa michezo wa halmashauri zipelekeni mapema. Hapo sina la kuongeza.

Hela ndiyo penye mengi. Ukiwa mfiwa, usiishike wewe. Si kwamba utaiba; watu wanaona haya kumdai risiti aliyefiwa, na asiyeulizwa huzoea. Sisi tuna watia saini watatu benki, mmoja tu ndiye wa ukoo wetu, na mahesabu tunayabandika mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa, kwenye ofisi ya BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, mpaka bei ya maji.

Kuhusu kukimbia kwenyewe: kilio na pumzi hugombania kifua kimoja. Mwaka ule nilitoka mbio kama nafukuzwa, kufika kilomita ya tatu nimekaa chini kando ya barabara. Kama hujawahi kukimbia, jipe miezi miwili, kimbia dakika moja tembea mbili, ukiongeza taratibu. Siku yenyewe waache wengine wakutangulie.

Na muulizeni mama. Mimi sikumuuliza. Mshereheshaji alikuwa analitaja jina la mwanawe katikati ya muziki, kila baada ya dakika chache, na mama akanyanyuka akarudi nyumbani kabla hata mshindi hajafika. Siku hizi jina halitajwi kwenye spika. Mama mwenyewe ameomba meza ya maji, ndipo anaposhinda.

Mwisho, mnachonunua. Majaketi yetu 11 ya kwanza niliyakuta mitumbwini yamegeuzwa viti. Nikaja juu, nikafoka sana. Mzee mmoja wa mwaloni akalivaa moja, akainama kama anavuta wavu, akalivua na kunirudishia. "Hili litanikaba mwanangu, kabla ziwa halijanichukua." Mwaka uliofuata tulimpelekea ya aina tatu kwanza, akaingia nayo ziwani usiku mmoja mmoja. Akachagua jembamba, lililo wazi mabegani. Bei yake ilikuwa juu kidogo.